Bakuli Lililorudi na Ubani

Wajukuu wangu wamenifungulia dunia kwenye simu, na kumbe dunia nzima inakula. Kila jioni picha zinaingia. Huyu aliye nchi ya baridi ananionyesha jibini iliyoota ukungu wa kijani, watu wanaila kwa makusudi. Yule ananionyesha Wajapani wanavyoviringisha wali na samaki mbichi, halafu wanakata vipande kama sabuni. Nikamwuliza, "Kuni zimewaishia?" Akacheka mpaka simu ikakatika. Wahindi wana dosa yao, Wahabeshi wana yao, Wasomali wana anjera, sisi tuna mkate wa maji. Ukiangalia vizuri, wote wamemwaga uji kwenye chuma cha moto, kila mmoja akaupa jina analolitaka.

Natania, lakini chakula cha mtu sikidharau. Chochote kile, hata hiyo jibini. Adabu hiyo sikuipata chuo cha Kurani, maana chuoni nilikaa muda mfupi tu, nikatolewa kuangalia wadogo zangu. Nilifundishwa na mke wa ami yangu, na juzi tu tumemsomea arubaini hapa Kismayo. Siku hiyo binti yake Maryamu alipika baasto, yaani pasta, kwa nyama ya mbuzi, sufuria kubwa ya kulisha mtaa. Alipofunua kifuniko nikasikia iliki.

"Nani katia iliki humu?" nikauliza.

"Dada, hakuna iliki humu," Maryamu akasema. "Baasto gani ya iliki?"

Lakini iliki niliisikia, na tui la nazi, na samli. Tangu siku hiyo haijanitoka puani, ndiyo maana nimeshika kalamu. Nyinyi wa rika langu mtanielewa. Na Maryamu asome mpaka mwisho, kuna neno lake.

Tulikuwa tunakaa Chovae, kisiwa chetu Wabajuni. Meno yangu ya mbele yalikuwa yameng'oka, hayajaota mengine, kwa hiyo mnaweza kupiga hesabu ya umri. Ami Shee, mdogo wake baba, alikuwa akipakia mizigo kwenye mashua baina ya visiwa na Kismayo, na huko Kismayo akamwona Faduma. Watu wa Faduma walikuwa wametoka bara, watu wa ngamia na samli, wamehamia mjini kuuza ngozi. Baba yake alikubali kwa shida. Kaka zake hawakukubali kabisa. Walikaa barazani siku ya nikaha wamevuta midomo, na mmoja akasema, mama yangu alikuwepo akasikia kwa masikio yake, "Tunampeleka dada yetu kwa wala samaki." Kwao hilo ni tusi. Kwetu sisi ilikuwa kama kuambiwa unavuta pumzi, lakini alivyolisema, hata mama alijua ni tusi.

Akaja Chovae na sanduku la mbao, mkeka, na chetezo. Alikuwa mrefu, shingo ndefu, na sauti ya chini. Aliniita abaayo, ndivyo wanavyoitana dada kwa dada. Mimi nikadhani ndilo jina lake, nami nikamwita Abaayo. Mpaka nimekuwa bibi sijamwita vingine.

Haikupita miezi mingi akashika mimba. Nyumbani kwetu mimba ya kwanza ilikuwa haikaribii moto. Hupiki, huchanji kuni, unaletewa. Mama yake ami alikuwa amekufa, kwa hiyo kazi ya ukwe aliibeba mama yangu, na aliibeba kwa ukali wake wote. Mama alikuwa hana mchezo na chakula. Kila adhuhuri alipakua bakuli la bati lenye maua mekundu, akalifunika kwa kawa, akanitwisha. "Nenda polepole. Ukimwaga mchuzi, usirudi."

Na chakula chenyewe! Papa mkavu aliyechemshwa, akachambuliwa, akapikwa kwa tui zito na ndimu. Pweza aliyepigwa mpaka akalainika kama mkate wa mofa wa moto. Kichwa cha changu, mashavu yote yapo. Siku nyingine nyama ya kasa, na mafuta yake juu yakielea manjano. Mama alimchagulia Abaayo vinono, sisi tukala mikia.

Nilikuwa nikifika, Abaayo ananikaribisha kitandani. Anaweka bakuli mapajani, anafunua kawa, mvuke unampanda usoni. Anafumba macho. Anakaa hivyo kidogo, kifua kimesimama. Halafu anafunika tena, ananisogezea.

"Kula, abaayo. Mimi nimeshiba."

Basi nakula. Nakula mpaka nalamba mikono. Yeye wakati huo anatia makaa kwenye chetezo, anaweka ubani, anaegemea moshi, anaupunga kwa mkono kuelekea usoni na nguoni. Anavuta ndani, anatulia, rangi inamrudi. Nikishamaliza analiosha bakuli mwenyewe kwa maji ya mtungi, analipangusa kwa upindo wa nguo, anatia ndani kipande cha ubani, ananirudishia. Kwetu bakuli la jirani au jamaa halirudi tupu. Likija na chakula litarudi na kitu, hata kama ni ndimu moja. Kwao pia ilikuwa hivyo, au alijifunza haraka, sijui.

Mama akifunua kawa akauona ubani, anatabasamu. Mama kutabasamu si jambo la kila siku. "Mwanamke wa bara huyu anakula mpaka mifupa," anamwambia baba. "Na adabu anazo."

Mifupa nilikuwa nawapa paka njiani.

Mnaniuliza, mtoto wewe hukushangaa? Nilishangaa siku ya kwanza. Siku ya pili nikapata jibu langu, na jibu lenyewe lilikuwa safi kabisa: watu wa bara wanashiba kwa moshi. Mvuke wa mchuzi ndio wali wao, ubani ndio kitoweo. Si nilimwona kwa macho yangu? Akivuta, anapata nguvu. Nikaona sisi wa kisiwani ndio wajinga, tunahangaika kutafuna. Siku moja mama alipokwenda kisimani nikachukua ule ubani wake, nikautia kwenye makaa, nikakaa juu yake nimefunua mdomo nishibe. Nilikohoa hadi machozi. Nikasema labda inataka mazoea, kama kuogelea.

Mashavu yangu yakajaa. Jirani zetu wakanitania, "Wewe watayarishwa kuozwa?" Mama akasema ni minyoo. Akaninywesha dawa chungu.

Naye Abaayo akawa anapungua. Bangili zilizokuwa zikimbana zikawa zinateleza mpaka kiwiko. Ami Shee alimwuliza mbele yangu, "Unaumwa?" Akasema, "Sina kitu. Joto." Ami akaamini. Wanaume wa siku zile ukiwaambia joto wanaamini.

Ikawa siku mama kamwita mkunga, bibi mmoja mfupi mwenye mikono mikubwa, kuja kumpapasa Abaayo tumbo. Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini na bakuli langu, nangoja wamalize nile. Mkunga alipapasa, akapapasa tena. Akakunja uso.

"Mimba ina miezi, tumbo halina," akasema. "Na mikono hii ni ya mgonjwa. Huyu mnamlisha nini?"

Mama akasimama wima. "Namlisha kuliko ninavyolisha wanangu! Muulize mtu yeyote. Bakuli linarudi limeoshwa."

"Basi chakula kinakwenda wapi?"

Wakaangaliana. Hapo nami nikaona wakubwa hawa hawajui jambo jepesi kama hili, acha niwasaidie. Nikasema kwa sauti, kama mtoto anayesoma mbele ya mwalimu, "Yeye anashiba kwa moshi."

Mkunga alicheka kwanza. Mama hakucheka. Aligeuza kichwa polepole, akaniangalia mashavu. Akaangalia bakuli. Akaniangalia tumbo.

"Mchu hashibi moshi," akasema, kwa Kibajuni chetu ambamo mtu ni mchu, na sauti yake ilikuwa ndogo, na mama akiwa na sauti ndogo ndipo pa kukimbia. "Wewe. Umekula riziki ya mtoto wa tumboni?"

Akanyanyua mkono. Abaayo akashuka kitandani, sijui nguvu alitoa wapi, akaniweka nyuma yake.

"Usimpige, dada. Mimi ndiye niliyempa. Kila siku mimi."

"Kwa nini?"

Abaayo akakunja upindo wa nguo yake.

"Chakula changu kibaya?"

"La, dada."

"Kichafu?"

"La, wallahi."

"Basi?"

Abaayo akaangalia chini. Tuliisikia bahari nje na kuku wakipekua. Halafu akasema, "Sijapata kula samaki maishani mwangu. Nikisikia harufu yake tumbo linapinduka. Nilijaribu. Siku ya kwanza nilijaribu, nikatapika mchangani, nikafukia."

"Kuku ninao sita," mama akasema. "Ungesema."

"Ningesemaje? Kaka zangu waliwatukana kwa samaki siku ya nikaha yangu. Na wewe ulikuwepo. Nije mimi nikae nyumbani kwenu, nile kwa mikono yenu, niseme samaki wenu ananishinda? Na wakisikia kule kwamba nimedhoofu, watakuja kunichukua. Watasema tulijua hawawezi kumlisha. Mimi sitaki kuchukuliwa."

Mama akatoka. Alinipita hapo kizingitini kama hanioni. Aliumia, hilo nililijua hata nikiwa mtoto. Ukimpikia mtu miezi mitatu vinono vyako, halafu ujue vilikuwa vinamtesa, si jambo dogo. Lakini haikupita nusu saa nikasikia kuku analia nyuma ya nyumba. Mama alimchinjisha kwa baba palepale, akamchemsha kwa chumvi tu katika sufuria mpya ambayo haijapata kuona samaki.

Mimi siku hiyo sikula. Mama alikuwa kasema nimekula riziki ya mtoto, na mimi nikafahamu kwa akili yangu kwamba mtoto hufuata chakula chake kilipo. Nikalala ubavu nikishika tumbo, nangoja ahamie kwangu. Nilipanga nitamwambia mama vipi.

Kuku sita hawafiki mbali. Wiki ya pili mama akamwita ami Shee.

"Shemeji, nenda Kismayo. Lete wanachokula watu wa mkeo."

"Nimwambie nini baba yake?"

"Humwambii kitu! Wakijua, umempoteza mkeo na mtoto. Ingia sokoni, angalia wanapika nini, nunua, rudi."

Ami akaenda. Abaayo alikuwa anakula mkate mkavu na chai kwa wakati huo, na mkunga anakuja kila asubuhi, anapapasa, hasemi. Siku ya tano ami akarudi na debe dogo la samli na katoni mbili zilizolowa maji kidogo pembeni.

"Hii ndiyo," akasema. "Nimeona wanakula kila nyumba. Inaitwa baasto. Waitaliano ndio walioileta."

"Inapikwaje?"

"Mimi najuaje? Mimi ni mwanamume."

Mama akapasua katoni. Vikatoka vijiti virefu, vyembamba, vimenyooka, rangi ya nta. Wanawake wa karibu walikuwa wamejaa jikoni kuangalia. Mmoja akakivunja kimoja, akakitia mdomoni. Akatafuna. Macho yakamtoka.

"Hizi tambi!"

"Tambi gani ndefu hivi?"

"Tambi za majitu. Wataliani si wakubwa?"

Basi likawa jambo limekwisha. Tambi tulikuwa tunazijua, za sikukuu. Kila mmoja alijua zinavyopikwa, na kila mmoja alijua mwenzake anakosea wapi. Wakazivunjavunja vipande vya urefu wa kidole. Wakazikaanga kwa samli mpaka zikawa nyekundu. Wakamimina tui la kwanza, wakatia sukari, iliki iliyotwangwa, zabibu alizokuwa ameficha mkunga kwa ajili ya Idi. Zile baasto zikagoma kulainika, maana ni nene kuliko tambi zetu, wakaongeza tui, wakaongeza tena. Harufu ikajaa mpaka msikitini. Mimi nilitumwa kuni mara tatu, na kila nikirudi nilimeza mate.

Mama akapakua katika bakuli la maua mekundu. Akasita. Akalimwaga, akalisugua kwa jivu na ndimu, akalinusa, akalisugua tena. Ndipo akapakua upya. Hakunitwisha. Alilibeba mwenyewe, nami nikamfuata, na wanawake wakatufuata, wakasimama mlangoni.

Abaayo alikaa kitandani. Aliona watu wote wale akavuta mtandio. Mama akamwekea bakuli mapajani.

"Chakula cha kwenu," akasema. "Mumeo kaleta."

Abaayo akafunua kawa. Mvuke ukampanda usoni. Akafumba macho kama kawaida yake, nami moyo ukanishuka. Halafu akafumbua jicho moja. Akachota kwa kijiko, akatia mdomoni. Akaacha kutafuna. Akashusha kichwa, mabega yakaanza kutikisika.

"Analia," mkunga akanong'ona. "Kakumbuka kwao."

Hakuwa analia. Alinyanyua uso, anacheka kimya kimya, machozi yanamtoka, mkono mdomoni.

"Dada," akasema, "nani kawaambia mtie sukari?"

"Kwani inatiwa nini?"

"Nyama! Nyama na nyanya na pilipili!"

"Nyama kwenye tambi!" Mama alishika kifua. "Audhubillahi. Na hawa ndio wanaotucheka sisi kwa samaki?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mama mwenyewe alicheka, akajifuta kwa leso, akasema, "Basi acha, kesho tutakupikia na hiyo nyama yenu, lete hapa nirudishe." Akanyoosha mkono achukue bakuli.

Abaayo akalivuta kifuani. "Acha, dada."

Akala. Alikula kijiko kwa kijiko, akicheka na kula, na wanawake wakaacha kucheka mmoja mmoja, wakabaki wanamwangalia anavyomeza. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni pale pangu pa siku zote, mikono nimeiweka magotini. Nilingoja aniambie kula, abaayo. Bakuli likafika nusu. Likafika chini. Akakwangua pembe zote. Hakuniambia. Nilipata uchungu, siwafichi, maana zabibu zilikuwa nyingi. Lakini niliona mama kamshika mkunga mkono, wamebanana vidole, mkunga anahesabu vijiko kwa midomo.

Maryamu alizaliwa mdogo, lakini kwa sauti kubwa. Kaka zake Abaayo walipokuja kumwona mtoto walimkuta dada yao ana mashavu. Wakapewa tambi za sukari. Mmoja aliuliza hii nini, Abaayo akamjibu, "Ndivyo tunavyopika kwetu." Alisema kwetu. Mama alikuwa anamimina chai, nusura aimwage.

Samaki, Abaayo alikuja kuwala mwenyewe baadaye sana, miaka ile mibaya ya vita ilipotutawanya, tukakimbia na watoto mgongoni, na mtu akala alichokipata. Alianza na papa mkavu. "Kumbe nilikuwa nakosa kitu," aliniambia. Nikamwambia, "Hukukosa, nilikula mimi kwa niaba yako."

Sasa neno langu kwa Maryamu.

Mama yako alipolala kitandani mwaka huu, ulikuwa unatulazimisha sote tumlishe. Dokta kasema akila atapata nguvu, na wewe ukawa unasimama mlangoni na uso wa mtoto. Ukaniambia, "Dada, mpikie unachojua, wewe atakukubali." Nikampikia baasto kwa tui na iliki, vipande vya urefu wa kidole. Nikalileta bakuli kwa mkono wangu, nikafunga mlango. Nikafunua kawa. Akainamia mvuke, akafumba macho, akakaa hivyo. Koo lilikuwa limefunga, hata maji yalikuwa yanapita kwa shida. Akanisogezea bakuli kwa vidole viwili.

"Kula, abaayo. Mimi nimeshiba."

Nikamwangalia. Akasema tena, "Kula. Mtoto yuko nje anangoja."

Mimi nina ugonjwa wa sukari, na mnajua nyumba nzima mnaninyang'anya hata chai tamu. Nikala. Nikakwangua pembe zote. Nikaliosha kwa maji ya jagi, nikalipangusa kwa upindo, na yeye akanionyesha chini ya mto, palikuwa na kipande cha ubani, nikakitia ndani. Nilipotoka ulilipokea bakuli, ukafunua, ukasema, "Amekula! Jamani mama amekula!" Ukanibusu mkono. Siku tisa ulinibusu mkono.

Mimi si mtu wa uongo, Maryamu, unanijua. Sikukuambia amekula. Nilikupa bakuli tu. Lakini leo nakuambia: zile siku tisa nilikula mimi. Mama yako alikuwa anavuta mvuke, anatulia, rangi inamrudi kidogo, anauliza kama umefurahi. Nilikuwa namwambia umefurahi. Hapo anasema alhamdulillahi, anageukia ukutani, analala kama mtu aliyeshiba.